Kitanda cha Mlango wa Nyuma

Mimi si mtu wa kushangaa. Wanaonijua Mwanza watakwambia. Nilianza kwa kubeba mizigo gatini nikiwa sina shati, na kusoma nilijifunza kwa alama za magunia, sikufundishwa na mwalimu. Nimeona tajiri akiomba chumvi, nimeona mjinga akizikwa kwa heshima kama mfalme. Leo nina ghala la ngozi, nyumba ya bati na mikokoteni miwili ya ng'ombe, na hakuna aliyenipa mtaji. Basi nilidhani dunia imekwisha kunionyesha vyote vilivyomo. Kumbe kimoja ilikuwa imekificha.

Naandika haya kwa mwenye mzee aliyelala nyumbani, na kwa mzee mwenyewe kama yuko wa kumsomea. Mimi sasa natembea. Mkono wa kushoto bado ni mvivu, lakini wa kulia ndio huu unaoandika.

Ugonjwa ulinishika mwisho wa msimu wa pamba, wakati wa jua kali, mwaka uliofuata ule wa nzige. Nilikuwa ghalani nakagua ngozi za mbuzi. Nimeinyanyua moja niitazame kwenye mwanga, mkono wa kushoto ukaiachia. Nikauambia, shika. Haukushika. Nikacheka, na kicheko nacho kikatoka upande mmoja wa mdomo. Vijana wa ghalani wakaacha kazi, wakanitazama, na hapo mguu nao ukaniaga.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la barazani tangu alfajiri mpaka adhuhuri, mimi nimeegemea bega la mwanangu Shija, mate yananitoka nisijue. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa akanifuta kidevu kwa ncha ya kanga yake. Sikumshukuru. Nilimkasirikia.

Ilipofika zamu yetu, dresa, msaidizi wa daktari, akaninyanyua mkono, ukaanguka. Akasema, "Mzee, hii si ya dawa. Hii ni ya kutunzwa. Ulishwe, ugeuzwe, unyooshwe viungo. Una watu?"

"Nina fedha," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, kisha akamwita aliyefuata.

Mke wangu alikwisha kufariki, na sikuoa tena. Nyumbani alikuwapo Shija na mkewe, Kabula. Shija aliniosha asubuhi kabla ya kazi. Ni jambo la haya baba kuoshwa na mwana, lakini linatendeka. Ila biashara ya ngozi haikai mjini. Lazima mtu aende vijijini kununua, siku nane, siku kumi. Na Kabula ni mkamwana wangu. Kwetu mkamwana hatazamani na mkwe wake ovyo. Hapiti mbele yangu, jina langu halitamki, na akiwa na neno anaiambia nguzo ya nyumba, nami naijibu nguzo. Sasa mtu kama huyo anivue nguo?

Safari moja ekseli ya mkokoteni ilivunjika, Shija akachelewa siku mbili. Nililala katika uchafu wangu. Kabula alikuwa nyuma ya mlango, analia. "Nguzo," anasema, "mwambie baba nimwite jirani amsaidie."

"Nguzo, mwambie jirani yeyote asikanyage hapa! Nisionwe na mtu!"

Dada yangu Minza akasikia habari, akavuka maji kutoka Sengerema. Ni mkubwa wangu, na mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli. Akasimama juu ya kitanda changu, mikono kiunoni.

"Twende kwangu, mdogo wangu. Nilikuosha ukiwa mchanga, nitakuosha tena. Sura yenyewe haijabadilika sana."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu mwenye nyumba ya bati nikalelewe na dada katika nyumba ya nyasi? Nikamwambia arudi kwake akapalilie mihogo.

Mhindi mmoja niliyezoea kumuuzia ngozi ndiye aliyenieleza habari za ile nyumba. Iko nje ya mji, kando ya njia ya Shinyanga, chini ya majabali. Watu wa hisani walikuwa wameifungua kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Mwenye nacho analipa, asiye nacho anapokewa bure. Nesi wa Kizungu huja kila Jumatano. Nikalipa miezi sita kwa mkupuo, nikapelekwa kwa mkokoteni wangu mwenyewe. Nikamwambia Shija mbele ya mkewe: "Asinifuate mtu. Nitarudi kwa miguu yangu. Atakayekuja kunichungulia simjui."

Msimamizi aliitwa Bwana Gerishomu. Kaptula ya kaki iliyonyooka, sauti ya asali.

"Shikamoo mzee. Karibu, hapa ni kwako."

"Marahaba."

"Ndugu zako watakuwa wanakuja siku gani kukuangalia?"

"Hawaji. Nimewakataza."

"Hata mmoja?"

"Nimelipa. Sina haja ya ndugu."

"Vizuri sana, mzee," akasema. "Vizuri sana."

Mimi ni mchuuzi. Mtu akikwambia vizuri mara mbili, ujue bei imeegemea kwake. Nililisikia neno hilo likipita, nikaliacha lipite.

Chumba kilikuwa kirefu, vitanda vinane katika mstari mmoja. Cha kwanza kilikuwa karibu na mlango wa mbele, upepo wa ziwa unakifikia. Cha nane kilikuwa karibu na mlango wa nyuma, penye giza, na mlango huo haukufunguliwa ovyo. Mimi nilipewa cha tatu. Cha nne alikuwapo Mzee Kapaya, Mnyamwezi, mpagazi wa zamani wa misafara, miguu yake imevimba kama mito ya kulalia. Hakuwa na mtoto wala mke. Alikuwa na ulimi tu.

"Tajiri," aliniambia siku ya pili, "hesabu unaijua?"

"Kuliko wewe."

"Basi hesabu vitanda. Mlango wa mbele mtu huingia kwa miguu yake, au kwa mkokoteni kama wewe Msukuma mwenye maringo. Mlango wa nyuma hutoka kwa miguu ya watu wanne."

"Nyamaza, mzee. Mimi nimelipa."

"Aliyekuwa cha nane juzi naye alilipa. Alikosa mtu wa kuja kumwuliza ameamkaje."

Nilidhani ni utani wa Wanyamwezi. Ilinichukua Jumatano tatu kuelewa.

Jumanne jioni yalikuja maji na sabuni. Sandukuni zilitoka shuka nyeupe, zikatandikwa vitanda viwili vya mbele. Jumatano nesi alisimama mlangoni, akashika mkono wa huyu, akatazama ulimi wa yule. Akiuliza habari za kina sisi wa ndani, Gerishomu alijibu kwa ajili yetu: "Hao wamelala, Mama. Wazee huchoka." Nasi tulikuwa macho. Mdomo wangu wakati ule ulitoa maneno kama mtu anayetafuna pamba. Mpaka nimelipanga moja, viatu vyake vimekwisha kutoka. Alhamisi shuka zilirudi sandukuni.

Na mgonjwa mpya akija na ndugu zake, wanamletea chakula, wanauliza maswali, aliwekwa mbele. Tusio na wa kuuliza tulisogezwa. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa kitanda cha tano, Kapaya cha sita. Hatukuambiwa sababu. Watumishi wawili walishika kitanda, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakatusukuma huku wakizungumza habari zao za mshahara.

Sasa niseme jambo ambalo dresa alilisema na mimi sikulisikia, ingawa ndiyo kazi yangu. Ngozi mbichi ukiiwamba, lazima uitazame na kuigeuza. Ikilalia upande mmoja, penye unyevu, haionyeshi kitu. Juu ni nzuri, manyoya yamekaa. Ukija kuinua, chini imekwisha, inatoka mkononi kama uji. Nimewafukuza vijana kazi kwa kosa hilo. Basi nilianza kuinusa harufu ile, nikatazama huku na huku nani kaleta ngozi mbovu humu ndani. Ilikuwa mimi. Kwenye mfupa wa mkia, na kwenye nyonga ya kushoto, mahali nisipokuwa na hisia ya kunionya. Hakuna aliyenigeuza tangu nilipofika, ila Jumanne moja moja, tena kwa haraka.

"Tajiri wa ngozi," Kapaya akasema, maana naye alinusa. "Umenunua za wenzako miaka yote. Yako utaiuza daraja gani?"

Nikataka kucheka. Machozi yakatoka, upande mmoja tu, ule unaojua kulia.

Chakula kilikuwa uji wa muhogo, mwepesi, unaona sakafu ya bakuli. Kikombe cha maji waliniwekea kushoto, upande uliokufa. Nilimwonyesha mtumishi kwa kidole. Akasema, "Utazoea." Nikajifunza kunywa Kapaya aliponivutia kikombe kwa fimbo yake, taratibu, nusu yake inamwagika. Hiyo ndiyo huruma niliyoipata humo, na ilitoka kwa mtu asiyeweza kusimama. Nyumbani, nilijiambia, wametii mno. Shija kanisahau. Anauza ngozi zangu na kunisahau.

Jumapili moja baada ya mvua, nikasikia mtu anakohoa nje, chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa juu, huoni ila mbingu.

"Ukuta," sauti ikasema, "hujambo?"

Nikaijua. Moyo ukanipiga kama wa mwizi.

"Ukuta, nakuuliza wewe, maana baba alikataza tusije kwake, hakukataza tusije kwako. Muulize baba kama samaki wa Jumapili iliyopita chumvi ilimtosha. Na viazi vya Jumapili ya kabla yake, kama viliiva."

Samaki gani? Viazi gani? Kumbe Kabula alikuwa anatembea kutoka mjini kila Jumapili, anamkabidhi Gerishomu kapu mlangoni, anarudi. Jumapili nane. Sikuwa nimeona hata mwiba.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipofanya kosa, na nisingeliandika kama si kwa ajili yako. Nilijua kila kitu kwa mara moja: mahali nilipo, harufu ilitoka wapi, na mlango uliobaki mbele yangu ni upi. Nilichohitaji ni neno moja. Lakini nilifikiri: mkamwana wangu ajue kwamba mimi naibiwa chakula kama mtoto? Mimi?

"Ukuta," nikasema, kwa mdomo wangu ule, "mwambie chumvi ilitosha."

"Ukuta, mwambie baba tumefurahi." Akaenda zake.

Kapaya akanigeukia: "Tajiri. Ulikula samaki gani?"

Jioni ile tukasogezwa tena. Yeye cha nane, mimi cha saba.

Kitanda cha nane mtu hufungwa kwa kitambaa kiunoni. Wanasema ni asianguke. Fimbo yake waliichukua. Kikombe chake waliweka dirishani, mahali mtu mzima akisimama anakifikia. Mchana wa Jumatatu, jua likiwa juu, aliomba maji. Aliomba kwa adabu kwanza, kisha kwa matusi ya kipagazi, kisha kwa Kinyamwezi, anamwita mama yake. Nilipiga ukelele, mtumishi akachungulia mlangoni: "Tulieni, wazee. Mnasumbua wenzenu." Nilijaribu kujivuta; nikasogea upana wa kiganja kimoja. Kabla ya saa kumi alikuwa amenyamaza. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, nikaona kumbe nyuma yake kuna majani mazuri ya kijani na njia nyembamba iliyokanyagwa sana.

Jumatano nikasikia Gerishomu anamwambia nesi, "Alikuwa mzee sana, Mama." Nesi akasema masikini.

Mimi nilikuwa nimekwisha hamishwa. Godoro la majani lilikuwa bado na unyevu wake. Walinifunga kwa kitambaa kilekile.

Nikahesabu siku kuifikia Jumapili. Ilipofika, mvua ilianza asubuhi, ile mvua nzito ya ziwani, bati linapiga kelele husikii hata pumzi yako. Hatakuja, nikasema. Na akija hatasikia. Nikatega sikio la kulia. Ikapita nusu ya mchana. Mvua ikapungua kidogo, na chini ya dirisha mtu akakohoa.

"Ukuta, hu—"

"Ukuta!" Sikumngoja amalize. "Mwambie mwanangu aliye hapo nje samaki sikumla! Mwambie naoza! Mwambie namwomba!"

Neno hilo, naomba, sikuwa nimelitamka tangu nilipokuwa kuli gatini. Nikadhani mvua imelimeza. Kisha nikasikia sauti kwenye mlango wa mbele.

"Leo si siku ya kuangalia wagonjwa," Gerishomu anasema. "Wewe nani wake?"

"Mkamwana wake."

"Mkamwana! Na unataka kuingia alipolala mkwe wako, hana nguo? Kwenu hawafundishi adabu?"

"Wanafundisha sana. Adabu yangu nitakwenda kuilipia kwetu. Wewe nipishe."

"Nitaita watu."

"Waite. Nami nataka watu wengi waone."

Alijifunika kanga usoni, yote, mpaka kidevuni, akaingia hivyo, kipofu, anapapasa vitanda. Nilimsikia akihesabu: kimoja, viwili, vitatu. Mzee wa kitanda cha sita akamwambia, "Mbele, binti yangu, bado viwili." Alipofika akagusa kitambaa, akatafuta fundo, akalifungua kwa meno chini ya kanga.

"Kitanda," akasema, anahema, "mwambie baba aweke mkono mzima shingoni mwangu."

Nikaweka. Akanigeuza. Mkono wake ukafika kule chini, ukasimama. Chini ya kanga nikasikia pumzi inakatika.

"Kitanda, mwambie baba asiseme kitu," akasema. "Na mimi sisemi."

Akaniosha kwa maji ya mvua yaliyotoka kwenye mtaro wa bati, uso umefunikwa, kanga imelowa na kumganda puani. Kisha akatoka mpaka barabarani, akamsimamisha mtu wa Buhongwa aliyekuwa anapeleka mihogo sokoni kwa mkokoteni pamoja na mkewe, akawafanya washushe mzigo wao kwenye matope. Wakaniingiza mkokotenini nimelala kifudifudi. Gerishomu akatufuata na mwavuli. "Fedha ya miezi iliyobaki hairudi," akasema.

Kabula akamjibu bila kugeuka: "Uile nayo. Chakula chetu umekwisha kukizoea."

Njia nzima alitembea nyuma ya mkokoteni, ametazama pembeni.

Shija aliporudi kutoka vijijini alisimama mlangoni, hakunipa shikamoo. "Ulinikataza, baba. Nikatii. Nilidhani kutii ndiyo heshima." Dada Minza akavuka maji tena, safari hii hakuomba ruhusa. Aliniosha, aliniweka asali kwenye vidonda, alinigeuza kila jua lilipohama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. "Lala upande wa pili, ewe ngozi ya daraja la tatu," ananiambia. Dresa alikuja kukata nyama iliyokufa. Mawingu ya wadudu wa ziwani, yanayoinuka kila mwezi mpya, yalipita mara mbili kabla kidonda cha mkia hakijafunga. Cha nyonga kilifunga pamba ilipochanua.

Kwa hiyo, wewe mwenye mzee. Ukimpeleka mahali, usiende siku ya shuka nyeupe. Nenda siku ambayo hawakungojei. Anza kitanda cha mwisho, si cha kwanza. Funua blanketi, mgeuze, tazama mfupa wa mkia. Akiona haya, mwache aone. Tazama kikombe kimewekwa upande wa mkono gani. Chakula chako usimkabidhi mtu mlangoni, mwone mzee wako anakimeza. Na wewe mzee mwenyewe, ukiulizwa ndugu zako watakuja lini, sema kesho. Hata kama huna ndugu, sema kesho.

Nilipoweza kusimama nilikwenda Jumatano moja na fimbo, nikamweleza yule nesi yote. Alisikiliza, akaandika. Nyumba ikapakwa chokaa upya. Gerishomu bado yupo. Vitanda sasa ni kumi na viwili. Mimi huenda Jumatatu, nikakaa karibu na cha mwisho, nikashika kikombe. Hakuna wa kunizuia mlango Mwanza hii.

Baada ya mavuno akaja baba yake Kabula na wazee wawili. Walisema hawana ugomvi, lakini binti yao ameingia alipolala mkwe wake na amemgusa, na jambo hilo halikai hivihivi. Nikawaambia ni kweli. Nikatoa dume la ng'ombe, jeupe, kubwa kuliko yote niliyo nayo. Wakalitazama, wakalirudisha zizini.

"Mila si mnada," baba yake akasema. "Inalipwa kiasi chake."

Wakataja faini. Nikamtuma Shija sokoni siku ileile. Mbuzi jike asiye na kilema, shilingi tano. Doti ya kanga ya mama yake Kabula, shilingi mbili na senti hamsini. Jembe jipya, shilingi moja na senti ishirini. Jumla, shilingi nane na senti sabini.